Ngoma ya Kuwavuruga Wageni

Dume la ng'ombe lilikuwa limefungwa kwenye mlingoti wa goli, na Egidi alikuwa amekwisha kuligawa kwa macho: mapaja kwa kidato cha nne, mbavu kwa cha tatu, utumbo kwa vidato vya chini ambavyo bado vinajifunza uvumilivu.

Lilikuwa zawadi ya mashindano ya muziki ya shule, limetolewa na mmoja wa wanunuzi wapya wa kahawa walioingia Mbinga baada ya biashara kufunguliwa kwa watu binafsi. Shule ya Egidi, ya bweni, ya wavulana, haikuwa imeonja nyama tangu Pasaka. Ilikuwa imeonja maharage. Basi waliteremka kwa lori kutoka milimani hadi Mbamba Bay na ngoma yao kubwa ya mganda, dansi ya pande hizo, wakiwa na nia njema kabisa ya kushinda kwa haki, mpaka walipowaona wapinzani.

Walikuwa wasichana sita na kinanda cha umeme. Si kama kile cha kanisani. Kila kitufe cha hiki kiliwaka taa nyekundu kabla hakijaguswa, na taa haikuzima mpaka kidole kifike.

"Dada, kinanda chenu kinajua kila kitu," Egidi alimwambia msichana aliyekuwa akikifuta vumbi. "Ninyi mmekuja kukisindikiza?"

Msichana alitabasamu kidogo, akaendelea kufuta.

"Wanaringa," Egidi aliripoti kwa rafiki yake Placidi.

"Wa mjini hao. Tuwapigie miluzi, watakosea tu."

Kanuni hazikukataza kushangilia. Egidi alimuuliza mwalimu wao, Mwalimu Romanus, ambaye naye hakuwa ameonja nyama tangu Pasaka, akajibiwa kwamba kushangilia ni haki ya kila mwanafunzi.

Wasichana walivua viatu, wakapanda jukwaa la mbao. Spika yao wakailaza kifudifudi.

"Hata spika hawajui kuiweka," alisema Placidi, kwa huruma.

Mshereheshaji alianza kueleza jambo refu juu ya wageni hao, lakini Egidi alikuwa amekwisha kuinua mkono. Lori zima la wavulana likaachia miluzi. Maelezo ya mshereheshaji hayakufika popote.

Mwalimu wa wasichana, Sista Kunigunda, alisimama mbele yao akapunga mikono. Kinanda kikaanza. Wavulana wakaongeza kugonga makopo. Kisha wakaimba wimbo mwingine kabisa, kwa sauti nne, moja ikiwa mbovu kwa makusudi. Wasichana walicheza kana kwamba wako peke yao ufukweni. Akina mama wa pale waliwageukia wavulana na kuwatolea maneno ya Kinyasa ambayo, kwa bahati nzuri, hayakutafsiriwa.

"Hao si watu," alisema Placidi, sauti imemkauka.

Hata hivyo, muziki wao ulikuwa sahihi lakini umepoa, na majaji walikuwa wakikuna videvu. Egidi angeishia hapo, huenda angekula nyama. Hakuishia hapo.

"Lete ngoma."

Waliiegemeza kwenye ukingo wa jukwaa, kwa kisingizio cha kujiandaa kwa zamu yao. Egidi aliipiga kwa nguvu za maharage ya miezi yote ile, mapigo ya kasi yasiyohusiana na wimbo hata kidogo.

Wasichana wote sita waligeuka kwa pamoja, wakamtazama.

Hatimaye, aliwaza Egidi, akazidisha.

Yule wa kinanda akacheka. Vidole vyake vikaongeza mwendo, vikaudaka mganda. Egidi akabadilisha mapigo, wakabadilika naye. Akasita, wakasita. Akarudi; wakarudi kwa kishindo, na wale akina mama waliomtukana wakapiga vigelegele. Alitaka kuacha, lakini mganda ulikuwa umemkolea mikononi.

Majaji hawakuchukua muda. Wavulana nao walipanda baadaye, wakapiga vizuri, mbele ya watu waliokwisha kushiba.

Dume lilipokuwa likisukumwa ndani ya gari la wageni, na Placidi akiliaga, Sista Kunigunda alimjia Egidi pamoja na msichana wa kinanda.

"Tumsifu Yesu Kristu," alisema Egidi, akijiandaa kusemwa.

"Milele, amina. Huyu anaitwa Notburga. Ana neno na wewe."

Notburga hakufungua mdomo. Aliinua mikono, vidole vikaenda upesi huku na huku, na Sista akavifuata kwa macho mpaka vilipotulia.

"Anakushukuru sana kwa ngoma," alisema Sista. "Waliisikia kwa nyayo, wote sita. Sasa anauliza: wale wenzako waliokuwa wamechongoa midomo muda wote, walikuwa wakifanya nini?"