Ovaroli Nyekundu

Jua lilipovuka paa la bweni la wafanyakazi ughaibuni, kamba ya nguo iliwaka rangi: ovaroli za buluu za mafundi bomba, za kijani za watunza bustani, za manjano za wafagiaji wa usiku. Wiki nzima Mohdhar aliipiga picha kwa simu yake, na wiki nzima picha ilipwaya katikati.

Leo alijua inataka nyekundu. Na nyekundu yenyewe alikuwa ameivaa.

"Yalla, basi hilo!" mwenzake wa chumbani aliita. "Ukikosa leo, supavaiza kasema khalas, imekwisha, unarudi Lamu."

"Nendeni."

Akashusha zipu, akabaki na fulana na bukta. Akaianika ovaroli yake katikati ya kamba, akabana kila bega kwa kibanio.

Basi likapiga honi ndefu, likaondoka. Mohdhar alikuwa ameinua simu, amefumba jicho moja, akingoja upepo uinue ule mkono mwekundu.