Kitumbua cha Tima

Meli ya watalii waliokuja kutazama wanyama ilipotia nanga, Bi Mwanahawa aliendelea kupika vitumbua barazani, kama sheria ilivyotaka. Wenyeji wa kisiwa nao walikuwa wamewekwa kwenye hifadhi, sawa na kasa na pomboo; mgeni haruhusiwi kuwasemesha wala kula chakula chao.

Nyuma ya kamba ya wageni alimwona Tima, binti yake aliyehamia bara, na lile kovu la mafuta ya moto mkononi.

"Karibu ule, mwanangu," alisema, akimnyooshea kitumbua.

Mwongozaji akawatuliza watalii. "Msihofu. Waliopotelewa na watoto ndivyo wafanyavyo."

Tima akainua kamera, akajifunika nayo uso, na kitumbua kikapoa mkononi mwa mama yake.