Beseni la Manjano

Selpha, dada wa mume wangu, alikuwa ameketi jikoni, miguu ndani ya beseni la manjano lenye maji moto, chumvi na ndimu. Jua la Januari lilikuwa limeanza kuchoma Eldoret na alitaka kuvaa viatu vya wazi.

Alisugua kisigino kwa jiwe. Ngozi ikabanduka vipande vipande, ikaelea kama ukoko wa ugali. Nikalitazama vizuri beseni.

"Wewe! Hilo si beseni langu la kukandia unga?"

"Ndilo. Lakini mimi huliosha nikimaliza."

"Huliosha? Kwani ulianza lini?"

"Wiki mbili sasa. Hata jana nililoweka. Ona vile kimelainika." Akaniinulia kisigino, kikichuruzika maji.

Chapati za wageni nilizikanda humo asubuhi hiyo. Nikakimbia sebuleni, kwa akina mama wa kanisa. Mama Pasta alikuwa ashafungua hotipoti ya chapati, ananusa na kuzibonyeza.

"Mama, hizi ni laini kweli! Hebu tuombee chakula."

Vichwa vyote vikainama.

Nikafumba macho. "Baba, tunakushukuru kwa chakula hiki. Kitakase," nikasema. "Kitakase kabisa, Baba."