Shavu la Hatibu

Siku timu ya Radi ikicheza na Nyuki, Mzee Shebughe, kinyozi na shabiki wa Radi, hamnyoi mtu wa Nyuki hata awe ndugu yake. Hatibu, mtu wa Nyuki, alilijua hilo. Lakini wiki ijayo alikuwa anapeleka posa ya Tausi, binti wa mzee, na alitaka kujipendekeza mapema. Akakaa kitini, akaapa yeye ni Radi toka tumboni mwa mama yake.

Redio iliunguruma dirishani. Radi walikuwa wanaongoza, na mzee alikuwa anamchonga ndevu huku akipiga mluzi. Mara mtangazaji akapayuka: Nyuki wamesawazisha!

Hatibu aliubana mdomo. Kilichomponza ni mabega. Yaliruka yenyewe, wembe ukamchana shavu.

Mzee aliutazama mchirizi wa damu ukishukia kitambaa cheupe.

"Nisamehe, baba," Hatibu alinong'ona.

"Baba? Tayari?"

Mzee akamfuta damu, akaongeza sauti ya redio, kisha akamwinua kidevu kwa kidole kimoja.

"Tulia, mwanangu. Mpira haujaisha."

Wembe ukashuka kooni.