Kiapo Juu ya Boneti

Josline aliitua Biblia ya familia juu ya boneti ya gari jekundu, puu! Kuku wa jirani wakatawanyika.

"Baba, weka mkono hapa."

Mzee Fulgensio akaweka. Alikuwa na miaka karibu sabini, macho yasiyosoma hata bei ya sukari bila miwani, na sasa, Mungu amlinde, gari la spoti la zamani lenye viti viwili, lililoletwa kutoka Kampala kupitia mpaka wa Nimule. Juba nzima watu wanatafuta magari marefu ya kuvukia mashimo. Nyumba hii imenunua kitu ambacho ganda la ndizi linaweza kukwaruza tumbo lake. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na kichwa cha mzee kilikuwa kinang'aa kuliko boneti.

Ndugu zake Josline walikuwa wamechanga nauli, wakampandisha ndege Entebbe, wakamwambia asirudi mpaka baba awe salama. Wazazi wao wamelea watoto sita kwa duka moja la mtaa wa Munuki. Baada ya yote hayo, mzee afie mtaroni kwa sababu ya ujana? Josline alimpenda baba yake, na hofu ndiyo iliyomfanya mkali.

"Ile gari yenu ya kwanza kama hii iliuzwa mimi nilipozaliwa. Hamkusahau tu?"

"Iliuzwa, mwanangu. Kuna mtu hapa nyumbani alilia wiki nzima."

Wanaume na machozi yao, aliwaza Josline. Wanalilia bati.

Mama yake, Proscovia, alikuwa ameketi barazani akisugua kucha kwa ndimu, kama mtu aliyetoka kuparua samaki. Chakula cha mchana kilikuwa maharage.

"Mama, na wewe iko kimya tu?"

"Mimi naweza sema nini? Wewe ndio ulisoma."

Mzee akainua mkono wa kulia. "Naapa mbele ya Mungu, mimi Fulgensio hapana kamata usukani ya hii gari mpaka naingia kaburi. Khalas."

Aliapa haraka, bila hata kumeza mate.

"Amina!" Proscovia akaitikia kwa sauti ya kwaya.

Josline akawapigia ndugu zake simu. Mzee kasalimu amri, aliwaambia. Ukimjua baba, unamkunja kama chapati. Akalala usingizi wa washindi.

Asubuhi yake, Jumapili, injini ilinguruma hadi sufuria zikatetemeka. Josline akatoka mbio, kanga kifuani. Gari lilikuwa linatoka getini, na baba yake yuko kiti cha kushoto, wanapoketi madereva wa Juba, miwani nyeusi usoni, anatabasamu kama bwana harusi.

"Baba! Uliapa! Uliapa na Biblia!"

Mzee akainua mikono yote miwili, mitupu, akampungia.

Josline akakimbia hadi getini. Gari likakwepa shimo la kwanza, likakwepa la pili, likaongeza mwendo hadi vijana wa bodaboda wakapiga mbinja. Lilipokata kulia, likamgeuzia ubavu wake mwingine.

Huko, nyuma ya usukani wa Kampala, ulio kulia, mama yake alikaza kitambaa kichwani na kubadili gia.