Blanketi Jekundu Kwenye Uzio

"Ukikubali kuolewa nami, kesho tukipita hapa na ng'ombe, anika blanketi jekundu kwenye uzio," Amos alimwambia Luella kando ya kisima. "Nikiliona, nitageuza farasi papo hapo. Nisipoliona, nitakwenda zangu wala sitarudi kukusumbua."

Asubuhi Luella aliliwahi jua, akalianika blanketi. Ng'ombe wa ranchi wakaanza kupita, mamia kwa mamia, wakipelekwa mnadani kaskazini. Wapanda farasi wa mbele walimpungia kofia. Hapo ndipo alipokumbuka jambo ambalo wao wawili hawakulifikiria: Amos alikuwa mgeni kazini, na mgeni huwekwa nyuma kabisa ya kundi, kwenye vumbi.

Vumbi likaja, likafunika uzio, likafunika nyumba. Luella alilinyakua blanketi, akalipunga kwa mikono miwili huku akiita mpaka sauti ikamkauka, lakini kishindo cha kwato kilimshinda. Mle vumbini vikapita vivuli vitatu vya wapanda farasi, leso zimewafunika mpaka machoni. Kimoja kilipunguza mwendo. Au labda farasi alijikwaa tu.

Zizini hakukuwa na farasi hata mmoja wa kuwafuata. Wote walikuwa wamekwenda na kundi.

"Luella, mwanangu," mama yake aliita kutoka mlangoni, "anua hilo blanketi, litachafuka."

Lilikwisha kuwa na rangi ya udongo. Luella alilirudisha juu ya uzio, akaanza kulikung'uta, na kila alipolipiga wekundu wake ulizidi kurudi, mbele ya njia isiyo na mtu.