Bahari ya Didia

"Sitoki!" Mwanaima alipiga kelele kutoka ndani ya shimo. "Nivuteni kwa winchi kama mnavyovuta kifusi!"

Vijana wanne waliolichimba waliegemea sururu zao wakacheka. Ni wachimbaji wa dhahabu wa Mwakitolyo, wote wanafunzi wa zamani wa Mwalimu Charles, na leo walikuja na kamba zao kijijini Didia kumchimbia bure nyuma ya nyumba. Chini kabisa sururu ziligonga mwamba, likamegeka jiwe la mistari, myekundu kwa myeusi. Ndilo jiwe ambalo mwalimu alisema miaka yote kwamba limelala chini ya kijiji hiki, na watu wakamwona hamnazo.

Mwanaima, muuza kanga, Mzaramo wa Bagamoyo, aliposikia habari hiyo alivua viatu akaruka ndani. Sasa alilinyanyua jiwe kwa vidole viwili kama samaki aliyeoza.

"Ndiyo hii bahari yako, Charles? Hii? Lo! Makubwa haya, madogo yana nafuu! Mie nimezaliwa pwani. Wewe Msukuma bahari uliyoiona ni lambo la kunyweshea ng'ombe, halafu unifundishe mie bahari?"

Mwalimu hakujibu.

Walikuwa wakibishana hivi kila siku ya gulio. Mwalimu alikuwa akisimama mbele ya kanga za Mwanaima, anazuia wateja, anahubiri: hapa palikuwa bahari, kabla ya samaki, kabla ya jani la kwanza. Ndani yake mliishi vijidudu tu, utelezi mtupu, na pumzi ya utelezi huo ndiyo iliyokitia kutu chuma cha majini, kutu ikatua chini tabaka juu ya tabaka.

"Utelezi ule ndio babu yetu, Mwanaima. Wangu na wako."

"Babu yako wewe! Babu yangu mie alikuwa na jina, na kanzu!"

"Siku utakapoliona jiwe," mwalimu alikuwa akimaliza, "utanyamaza."

Alikuwa na kiburi, mtu yule.

"Haya, nimeliona!" Mwanaima alifoka. "Mbona sinyamazi? Wewe ndiye umenyamaza! Wamekuvika suti, wamekufunga na tai, basi unajiona bwana harusi, hujibu watu? Nijibu! Sitoki humu mpaka unijibu."

Apolonia, mke wa mwalimu, alicheka pale mkekani mpaka akajifuta macho. "Mtukane tu, Mwanaima! Anastahili."

Masalu, kaka yake mwalimu, alikohoa. "Mtani, jua linakwenda. Toka sasa."

Mwanaima alilitazama tena lile jiwe mkononi. Ilimuuma. Hakuzoea kushindwa, na Charles alikuwa amemshinda bila hata kumpa nafasi ya kubisha. Akalifuta jiwe vumbi kwa ncha ya kanga yake nzuri, akaliweka pale chini lilipotoka.

"Umeshinda, mshamba wewe," alisema. "Ilikuwa bahari."

Akanyoosha mkono, wakamvuta juu. Kisha wale vijana wanne wakashika kamba, wakaanza kuliteremsha jeneza.

"Taratibu nyie!" Mwanaima aliwafokea, machozi yakimtoka. "Msukuma huyo hajui kuogelea."